Skyrim: jinsi ya kupanga mhusika wako kabla leveli haijakugeukia

Nilipoanza kucheza Skyrim, gemu la mapanga na majoka, niliamini kwamba leveli ni nguvu. Ikipanda nimekuwa na nguvu, isipopanda niko palepale. Nikazunguka miji ya Whiterun na Riften nikichomoa watu mifukoni mpaka ujuzi wa Pickpocket ukafika 90. Nikafungua kila kufuli niliyokutana nayo mpaka Lockpicking ikafika 70, na kwa kuuza nilichokusanya Speech ikafika 50. Leveli ya 22! Nikajiona tayari. Mkononi nilikuwa na upanga wa chuma, One-handed, ujuzi wa silaha za mkono mmoja, ikiwa 27.

Siku hiyo nikaingia kwenye kaburi moja la kale. Majeneza mawili yalifunguka na wakatoka Draugr Scourge wawili, maiti wa kale wanaopigana. Nilimpiga wa kwanza mapigo kumi na kitu, mstari wake mwekundu wa uhai ukasogea kidogo tu. Yeye alihitaji mapigo mawili. Nilirudia pambano lile usiku kucha, na kila mara niliishia sakafuni. Nilichokosa ni hesabu, wala si wepesi wa vidole, na hesabu hiyo ndiyo nataka kuiweka wazi hapa, kisha tujenge pamoja mhusika mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Majina ya ujuzi na ya nyota nitayaacha kama yalivyo kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta ukiwa ndani ya gemu. Ninaposema nyota nina maana ya zile uwezo unazonunua kila unapopanda leveli. Ukifungua ukurasa wa ujuzi utaziona zimepangwa angani kama makundi ya nyota, kwa hiyo jina linafaa.

Hesabu ambayo gemu halikuelezi

Skyrim ina ujuzi wa aina 18. Kila mmoja huanza na 15, ukiongezewa kidogo kulingana na jamii uliyochagua, na kikomo ni 100. Unapanda kwa kuutumia: ukipiga kwa upanga One-handed inapanda, ukipigwa umevaa deraya nzito Heavy Armor inapanda.

Ujuzi ukipanda namba moja, mhusika anapata pointi sawa na namba mpya. Kutoka 29 kwenda 30 unapata pointi 30. Kutoka 89 kwenda 90 unapata 90. Na ili kutoka leveli uliyopo kwenda inayofuata unahitaji 75, kisha uongeze 25 mara leveli uliyopo. Ukiwa leveli ya 1 unahitaji pointi 100. Ukiwa ya 10, pointi 325. Ukiwa ya 30, pointi 825.

Gemu haliulizi pointi zimetoka wapi. Ujuzi mmoja ukiutoa 15 na kuufikisha 100 unakupa pointi 4,930, na hizo peke yake zinatosha kukutoa leveli ya 1 hadi ya 17. Chukua ujuzi wa aina tatu usiohusiana na vita, ufikishe zote 100, na utakuwa leveli ya 32 bila kumgusa hata panya.

Upande wa pili, maadui wanaangalia leveli yako. Kwenye makaburi, Draugr Wight ni wa leveli ya 13, Scourge ya 21, Deathlord ya 30. Majambazi wa barabarani nao wana madaraja yao hadi Marauder wa leveli ya 25. Kwa hiyo leveli inakupa nyota moja na pointi 10 za mwili, lakini inafungua pia mlango kwa adui mkubwa zaidi. Ukiwa umepanda kwa ujuzi unaokusaidia kupigana, mnakwenda sambamba. Ukiwa umepanda kwa kuchomoa mifuko, umemlisha adui tu.

Naomba nisieleweke vibaya. Lockpicking na Speech si dhambi. Kufuli zinafunguka hata bila nyota yoyote ukiwa na subira na vibanzi vya kutosha, na kuuza utauza tu. Ninachokataa ni kuzipandisha kwa makusudi mapema, kama nilivyofanya mimi.

Jambo jingine: mapango na makaburi mengi yana leveli ya chini na ya juu, na leveli ya mahali hupangwa siku unapoingia mara ya kwanza. Usichungulie ovyo kila tundu ukiwa umepanda vibaya.

Hatua ya kwanza: jibu maswali mawili tu

Utaua kwa nini? Utazuia kifo kwa nini? Majibu yako ndiyo ujuzi wako mkuu. Baada ya hapo chagua ujuzi wa kiwandani, yaani wa kutengeneza vifaa, utakaoyalisha majibu hayo mawili. Ukimaliza uwe na ujuzi wa aina tano, sita ukizidi sana.

Kwa nini tano? Kwa sababu ya nyota. Ujuzi wa aina tano ukifika 100 wote, ukianza na 15, unakufikisha leveli ya 42, yaani nyota 41. Ukigawanya unapata takriban nane kwa kila ujuzi, na nane zinatosha kununua kila kilicho muhimu. Mtu mwenye ujuzi kumi uliofika 40 ana nyota pia, ila nyota nzuri nyingi zimefungwa kwenye 60, 80 na 100, asizozifikia.

Mhusika wetu hapa atakuwa mpiganaji wa upanga na ngao: One-handed kwa kuua, Block (ngao) na Heavy Armor kwa kuzuia, Smithing (uhunzi) na Enchanting (kutia vitu sihiri) kwa kuvilisha vyote vitatu. Nimemchagua huyu kwa sababu anasamehe makosa. Mpiga mishale anayejificha ana madhara makubwa zaidi, lakini akionekana na watu watatu katika chumba kidogo, kazi imeisha.

Hatua ya pili: jamii

Watu hubishana sana juu ya hili, na kwa kweli tofauti inamalizika mapema. Lakini kwa mpango huu kuna jamii iliyokaa kama imefumwa kwa ajili yake: Orc. Anaanza na Heavy Armor 25, kisha One-handed, Block, Smithing na Enchanting zote 20. Ujuzi wetu wote watano! Cha ziada asichokihitaji ni Two-handed tu. Tena ana Berserker Rage, ambayo mara moja kwa siku, kwa sekunde 60, inazidisha madhara yake mara mbili na kupunguza nusu ya anayopokea. Ile ni akiba ya pambano moja gumu kila siku.

Kwa kuwa anaanza juu kidogo, pointi zake za jumla zinapungua, na ujuzi wote watano ukifika 100 atakuwa leveli ya 41. Nyota 40. Hiyo ndiyo bajeti yetu.

Hatua ya tatu: andika nyota zako kwenye karatasi

Hapa ndipo wengi hupotea. Leveli inapanda, skrini inamulika, mtu ananunua nyota iliyo karibu kwa sababu ipo. Chukua daftari. Andika kabla ya kuanza.

One-handed: nyota 7. Tano za Armsman, kila moja ikiongeza asilimia 20, kwa hiyo tano zinazidisha upanga mara mbili. Hufunguka kwenye 0, 20, 40, 60 na 80. Ongeza Fighting Stance kwenye 20, inayopunguza robo ya pumzi (Stamina) inayoliwa na pigo zito, na Savage Strike kwenye 50.

Block: nyota 6. Shield Wall mbili, Quick Reflexes, Deflect Arrows na Power Bash kwenye 30, Elemental Protection kwenye 50. Shield Wall zilizobaki ziache. Quick Reflexes ndiyo itakayokufundisha kupigana: adui akiinua mkono kwa pigo zito huku ngao yako iko juu, muda unapungua kasi, unaliona shoka likija taratibu, na una nafasi ya kumsukuma kwa ngao akapoteza pigo lake.

Heavy Armor: nyota 4. Juggernaut tatu na Well Fitted. Najua wengine wanajaza Juggernaut zote tano. Sababu ya kuacha ni kwamba ulinzi wa deraya una kikomo: asilimia 80 ya madhara, basi. Unakifikia kwa namba 567 ukiwa umevaa vipande vinne, au 542 ukiwa na ngao juu yake. Mhunzi mzuri anafika hapo bila Juggernaut ya tano, na nyota inayoongeza kitu kilichokwisha kufika kikomo ni nyota iliyotupwa.

Smithing: nyota 6. Steel, Dwarven kwenye 30, Orcish kwenye 50, Ebony kwenye 80, Daedric kwenye 90, na Arcane Blacksmith kwenye 60. Hii ya mwisho usiisahau hata kidogo. Bila hiyo huwezi kuboresha kitu chenye sihiri.

Enchanting: nyota 8. Tano za Enchanter, kisha Insightful kwenye 50, Corpus kwenye 70, na Extra Effect kwenye 100 inayokuruhusu kutia sihiri mbili kwenye kitu kimoja.

Jumla 31. Zimebaki tisa, na hizo ziache wazi kwa makusudi. Utakapofika leveli ya 25 utajua mwenyewe unaumia wapi.

Hatua ya nne: saa za mwanzo

Ukitoka Helgen, mahali gemu linapoanzia, kwenye njia ya kuteremkia kijiji cha Riverwood kuna mawe matatu yamesimama pamoja: Warrior, Mage na Thief. Kila moja huongeza kasi ya kujifunza ujuzi wa kundi lake kwa asilimia 20. Gusa Warrior. Ujuzi wetu wanne kati ya watano ni wa kundi hilo, Smithing ikiwemo. Enchanting iko kundi la Mage, kwa hiyo siku utakayokaa mezani kutia sihiri kwa wingi, rudi hapa ubadilishe, kisha ubadilishe tena.

Kwenye nyumba ya wageni ya Riverwood kitanda ni dhahabu 10. Lala. Ukilala kwenye kitanda ulichokodi au unachomiliki unaamka na nyongeza ya asilimia 10 ya kujifunza kwa saa nane za gemu. Watu wanaidharau kwa sababu ni ndogo, lakini ukijumlisha na jiwe umepata karibu theluthi moja ya ziada kwa dhahabu 10.

Nenda kaburi la Bleak Falls Barrow kama kawaida, ukae nyuma ya ngao. Usikimbilie pambano la joka kwenye mnara wa magharibi wa Whiterun: mpaka umalize kazi ile majoka hayaanzi kuzurura angani, na ukiwa leveli ya 4 hutaki joka likushukie ukiwa njiani na pumzi imekwisha. Majitu yenye rungu pia waache. Leveli yao ni 32, na pigo lao moja linakurusha mawinguni.

Kisha Whiterun, na moja kwa moja Jorrvaskr, ukumbi wa Companions, chama cha wapiganaji. Ninapenda mahali hapa kwa sababu moja: walimu wa ujuzi wetu wanne wako pale pale. Athis anafundisha One-handed hadi 75. Njada Stonearm anafundisha Block hadi 75. Farkas anafundisha Heavy Armor hadi 90. Ukipanda ngazi za nje hadi Skyforge, Eorlund Gray-Mane anafundisha Smithing hadi 90. Hakuna kuzunguka nchi nzima.

Gemu linakuruhusu masomo matano kwa kila leveli. Yasiyotumika hayahamii leveli inayofuata, yanapotea. Kwa hiyo kabla ya kufungua skrini na kupokea leveli mpya, jiulize: masomo matano nimeyamaliza? Nunua kwanza. Na nunua kwenye ujuzi uliobaki nyuma, ambao kwa mpango huu mara nyingi ni Block.

Ukimaliza kazi zote za Companions, Farkas, Athis na Njada wanakubali kufuatana nawe, na mtu anayekufuata unaweza kufungua mzigo wake. Ile dhahabu uliyomlipa ya masomo iko humo. Lakini angalia upande wa pili: kazi hizo zinakupitisha kwenye kugeuka mbwa mwitu, na mwenye damu hiyo hapati tena nyongeza ya usingizi hadi ajitakase mwishoni. Mimi huwa napita na kujitakasa mara moja.

Hatua ya tano: mwendo

Ukipandisha ujuzi wa aina tano kwa usawa, ukiwa leveli ya 10 kila mmoja utakuwa kama 30. Leveli ya 20, kama 51. Leveli ya 30, kama 73. Ndipo nilipopata kipimo changu, na sijakiacha tangu hapo: zidisha leveli yako mara mbili, ongeza kumi. One-handed isishuke chini ya namba hiyo hadi leveli ya 30. Leveli ya 15, One-handed 40. Leveli ya 22, One-handed 54.

Mimi nilikuwa leveli ya 22 na 27. Nusu kamili. Nikiangalia sasa sishangai kwa nini wale Draugr hawakuyumba.

Ukikuta uko chini ya kipimo, acha tanuri, acha meza ya sihiri, nenda kapigane na watu wanaokufaa hadi urudi. Ukiwa juu ya kipimo, hapo una ruhusa ya kukaa kiwandani.

Na kitu kimoja kidogo kinachookoa maisha: leveli mpya ikifika si lazima uipokee papo hapo. Unapoipokea, uhai, Magicka (nguvu ya uchawi) na pumzi vyote vinajaa. Kwa hiyo ukiingia pangoni na leveli iliyosubiri, una dawa moja kubwa mfukoni ambayo haina uzito. Mimi huiweka kwa ajili ya mkuu wa majambazi aliye chumba cha mwisho.

Hatua ya sita: pointi 10 za kila leveli

Kila leveli unaongeza 10 kwenye uhai, Magicka au pumzi. Vyote huanzia 100. Kwa mhusika huyu Magicka usiiguse kabisa. Kutia sihiri vitu hakuli Magicka, kunakula vito vya roho, yaani vito vilivyobeba roho za viumbe waliouawa.

Ninagawa uhai mbili, pumzi moja. Ukifika leveli ya 41 una uhai kama 370 na pumzi kama 230. Pumzi ina faida ya ziada: kila 10 inakuongezea uwezo wa kubeba mzigo kwa 5, na mhunzi anabeba vyuma vizito kweli kweli.

Ila kuna siri ya jikoni iliyonifanya niache kuhangaikia pumzi. Pigo zito halihitaji pumzi kamili, linahitaji tu isiwe sifuri. Sasa kwenye chungu chochote cha kupikia, chukua kabichi, liki, kiazi na nyanya. Unapata supu ya mboga, Vegetable Soup, inayorudisha pointi 1 ya uhai na 1 ya pumzi kila sekunde kwa sekunde 720. Dakika 12! Kwa kuwa pumzi inarudi kila sekunde, haikai sifuri, na unaweza kuendelea kupiga mapigo mazito na kusukuma kwa ngao karibu bila kikomo. Baadhi ya mboga hizi ziko kwenye mashamba ya nje ya Whiterun. Bakuli moja kabla ya mlango wa kaburi, na lile pambano lililokuwa la kuhema linakuwa la kazi. Sijui mchezaji yeyote wa ngao aliyeijaribu akaiacha.

Hatua ya saba: kiwandani

Ushauri wa zamani ulikuwa kufua majambia ya chuma mamia kwa mamia. Uliharibika mwaka 2012, masahihisho ya gemu yalipofanya Smithing ihesabiwe kwa thamani ya kitu unachofua. Tangu hapo cha kufua ni kitu cha bei.

Njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni pete za dhahabu: kaskazini ya Whiterun kuna kambi ya majambazi, Halted Stream Camp, na humo kuna kitabu cha Transmute kinachogeuza madini ya chuma kuwa fedha, na fedha kuwa dhahabu. Mche mmoja wa dhahabu unatoa pete mbili. Ya pili, baada ya kupata nyota ya Dwarven kwenye 30, ni pinde za Dwarven. Magofu ya Dwemer, jamii ya kale iliyotoweka, yamejaa vyuma chakavu vinavyoyeyuka na kuwa miche. Upinde mmoja unakula miche miwili ya Dwarven na mmoja wa chuma. Naipendelea hii ya pili, kwa sababu kila kutupa sihiri ya Transmute kunapandisha Alteration, ujuzi wa uchawi ambao haumo kwenye mpango wetu, na ile hesabu ya mwanzo haisinzii.

Unganisha Smithing na Enchanting kwa mzunguko mmoja. Fua pete, zitie sihiri kwa vito vidogo vya Petty, ziuze, nunua vito na miche, rudia. Ukiingia tu lango la Whiterun kuna tanuri, jiwe la kunolea na benchi la deraya vyote sehemu moja, na meza ya sihiri iko kwa mchawi Farengar, kwenye ngome ya Dragonsreach. Vito vikubwa vya Grand viweke kwa vifaa vyako vya mwisho. Kila kitu chenye sihiri usiyoijua kivunje mezani, ujifunze na upate pointi. Enchanting haina mwalimu Jorrvaskr. Wa kwenda naye hadi 75 ni Sergius Turrianus, chuo cha wachawi cha Winterhold.

Extra Effect ikifika, tengeneza vifaa vya mwisho mara moja. Fortify One-handed inakaa sehemu nne: glavu, buti, pete na mkufu. Zijaze zote nne. Uhai weka kwenye deraya ya kifua.

Na hapa nisisitize kitu ambacho wapiganaji husahau: deraya haizuii uchawi. Hata ukiwa na ile asilimia 80, moto wa joka na barafu ya mchawi vinapita kama huna kitu. Uchawi una kinga yake, na kikomo chake ni asilimia 85. Anza na kazi ya The Book of Love kwenye hekalu la Mara, Riften. Ni kutembea na kuzungumza, na inakupa asilimia 15 za kudumu. Ukimaliza kujifunza kwa kasi, liache jiwe la Warrior ushike jiwe jingine, Lord Stone: asilimia 25 nyingine, na ulinzi 50 juu yake. Una 40 tayari. Zilizobaki zitoke kwenye sihiri ya Resist Magic, inayokaa kwenye ngao, pete na mkufu. Ukiinua ngao yenye Elemental Protection mbele ya joka, nusu ya pumzi yake ya moto inaishia pale.

Kama hupendi ngao

Mpango mwingine wowote unajengwa kwa maswali yaleyale mawili. Mpiga mishale: Archery, Sneak, Light Armor, Smithing, Enchanting. Muuaji wa jambia: nyota ya Assassin's Blade kwenye Sneak inazidisha pigo la kujificha mara 15, kwa hiyo wekeza huko mapema.

Mchawi ndiye anayehitaji uangalifu. Upanga unaongezeka madhara kadiri ujuzi unavyopanda. Destruction, uchawi wa kushambulia, hapana, inachopata ni punguzo la Magicka tu. Kwa hiyo anachoka njiani, hasa baada ya leveli ya 25. Dawa ni mbili: nyota ya Impact kwenye 40, inayomyumbisha adui ukitupa sihiri kwa mikono miwili, na Enchanting. Vipande vinne vyenye Fortify Destruction ya asilimia 25 vinafanya sihiri zake zisile Magicka hata tone. Enchanting kwake ni ujuzi wa kwanza, wala si wa tano.

Ukishafika

Tangu 2013 ujuzi uliofika 100 unaweza kuufanya Legendary: unarudi 15 na nyota zake zote unarudishiwa. Upanga usiurudishe. Leveli yako haishuki, maadui hawashuki, na wewe umebaki na mkono wa mtoto.

Lakini kiwandani ni tofauti. Ukishafua vifaa vyako vya mwisho na kuvitia sihiri, vifaa havisahau. Hakikisha kwanza kila kipande kimeboreshwa hadi mwisho, fua na akiba kama unataka, halafu irudishe Smithing, kisha Enchanting. Nyota 14 zinarudi mfukoni. Ziongeze kwenye zile tisa tulizoziacha wazi na una 23 za kujenga kitu kipya kabisa: Archery kwa majoka yasiyotaka kutua, au Restoration, au kumalizia mti wa Block hadi Shield Charge. Kama una toleo lenye nyongeza ya Dragonborn, ukimshinda Miraak, adui mkuu wa nyongeza hiyo, kuna pia kitabu cheusi cha Waking Dreams kinachorudisha nyota za mti mmoja kwa roho moja ya joka, na ujuzi wenyewe haushuki. Kwa One-handed na Heavy Armor tumia njia hiyo.

Na kwa anayejiuliza kama mashine yake itaweza: toleo la kwanza la 2011 liliomba RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6 kwenye diski. Special Edition ya 2016 inaomba RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 12. Kompyuta mpakato ya mtumba yenye kadi ya picha ya kawaida inaweza kulibeba lile la kwanza ukishusha ubora wa picha. Namba zote nilizokupa hapa ni zilezile kwenye matoleo yote mawili.